Sheria ni Msumeno, Mbona Ulikata Upande Mmoja?



Katika mkutano wa tawi moja tuliouhudhuria mwaka huu, mzee mmoja alisimama akauliza swali fupi. Alisema: "Viongozi wanapotutangazia amri, je, na wao wamo ndani ya amri hiyo, au ni ya kwetu peke yetu?" Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Katibu wa tawi akajibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mzee akasema: "Msumeno huo naujua. Kukata mbele nimekuona. Kukata nyuma bado nakungoja." Kisha akaketi.

Tangu siku ile neno la mzee yule halikututoka. Tumeona yafaa tuandike juu ya jambo lililotokea Uingereza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lake, na jibu lenyewe si zuri.

Wako watakaosema: ya Waingereza yatuhusu nini? Twawajibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wanaishi kule, na wengi katika hao huuguza wagonjwa na kutunza wazee. Walikuwa chini ya amri hizo usiku na mchana. Pili, Waingereza ndio waliotufundisha, kwa kitabu na kwa kiboko, kwamba nchi yao ni nchi ya sheria, na kwamba mbele ya sheria hapana mkubwa wala mdogo. Mwalimu akiteleza katika somo lake mwenyewe, mwanafunzi ana haki ya kupatazama mahali alipoteleza. Hatazami ili amcheke. Atazama ili naye asianguke pale pale.

AMRI ILIVYOKUWA

Mwezi Machi 2020 ugonjwa ulikuwa ukienea kwa kasi katika Uingereza. Tarehe 18 Machi, Serikali ya Bwana Boris Johnson ilitangaza kwamba shule zitafungwa ifikapo mwisho wa Ijumaa, tarehe 20, isipokuwa kwa watoto wa watu wenye kazi za lazima, kama wauguzi, na kwa watoto walio katika hali ya hatari. Siku hiyo hiyo Waziri Mkuu aliwaomba wazazi wasiwaachie mababu na mabibi watoto hao, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukiwaua zaidi wazee. Tarehe 23 Machi jioni akasema katika televisheni kwamba watu wote wakae nyumbani. Tarehe 26 Machi neno hilo likawa sheria kamili yenye faini. Faini ya kwanza ilikuwa paundi 60, nayo ilizidi maradufu kila kosa liliporudiwa. Mwezi Mei faini hiyo ya kwanza ikapandishwa ikawa paundi 100.

Tena nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na agizo lake. Mwenye dalili asitoke kwa siku 7, na wote waishio naye wasitoke kwa siku 14. Hata dukani wasiende.

Kila mzazi anafahamu uzito wa maagizo hayo. Mtoto mdogo hajui karantini. Anajua njaa, anajua usingizi, anajua kwamba mama yake haamki kitandani. Mfikirie mama anayelea peke yake, anaishi katika ghorofa ya juu kwenye nyumba isiyo na ua, naye ameshikwa na homa. Nani atamkorogea mtoto uji? Kwetu tungesema apelekwe kwa bibi yake, au jirani atamchukua mpaka mama apate nafuu. Kule Uingereza mwaka ule bibi alikuwa hapaswi kumchukua, na jirani na shangazi hali kadhalika. Ruhusa ya mzazi anayelea peke yake kuungana na nyumba moja nyingine, ili wasaidiane, ilikuja tarehe 13 Juni 2020, karibu miezi mitatu baada ya amri ya kwanza.

Hatusemi kwamba amri hizo zilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa ukiua, na Serikali isiyofanya kitu watu wake wanapokufa si Serikali. Wananchi wa Uingereza nao, tuwasifu kwa haki, walizitii kwa kiasi kikubwa. Wazee walikufa hospitalini bila kushikwa mkono na watoto wao. Maiti zilizikwa mbele ya watu wachache. Wajukuu walisimama nje ya madirisha wakiwapungia mkono mabibi zao. Watu walivumilia mambo hayo kwa sababu moja: waliamini kwamba wote wamo.

SAFARI YA DURHAM

Sasa tutazame ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu. Mshauri wake mkuu wakati huo aliitwa Dominic Cummings. Bwana huyu hakuwa mtu mdogo. Yeye ndiye aliyeongoza kampeni ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya katika kura ya maoni ya mwaka 2016, na kampeni hiyo iliwaahidi wananchi kwamba madaraka yatarudishwa mikononi mwao. Desemba 2019 chama cha Conservative kilishinda uchaguzi kwa viti vingi kikisema kwamba kipo upande wa raia wa kawaida dhidi ya wakubwa wanaojiona bora kuliko wao. Twaomba ndugu wasomaji walishike neno hili, maana tutalirudia.

Tarehe 27 Machi 2020, siku nne baada ya taifa zima kuambiwa likae nyumbani, Waziri Mkuu alitangaza kwamba ameambukizwa. Siku hiyo mke wa Bwana Cummings naye alikuwa mgonjwa. Usiku ule Bwana Cummings alimpakia mke wake na mtoto wao wa miaka minne katika gari, akaendesha kutoka London mpaka shamba la baba yake huko Durham, upande wa kaskazini. Ni mwendo wa maili 260, yaani kama kilomita 420. Ni sawa na mtu atoke Dar es Salaam ambakie kidogo tu kuingia Dodoma. Walikaa katika nyumba ya peke yao pale shambani. Yeye mwenyewe aliugua sana, na tarehe 2 Aprili mtoto alipelekwa hospitali akalala huko usiku mmoja.

Tarehe 12 Aprili, siku ya Pasaka, alipokuwa amepata nafuu, aliendesha gari na familia yake mpaka mji wa Barnard Castle, mwendo wa maili 30 hivi. Alipoulizwa baadaye sababu yake, alisema macho yake yalikuwa yamedhoofika kwa ugonjwa, akataka kujaribu kama aweza kuendesha mpaka London. Waingereza wa kila daraja waliulizana swali lile lile: mtu anayeyashuku macho yake huyajaribuje kwa kuendesha gari barabarani, na mtoto ndani?

Habari hizi zilifichuka tarehe 22 Mei, wakati zaidi ya watu 35,000 walikuwa wamekwisha kufa kwa korona katika Uingereza. Tarehe 24 Mei Waziri Mkuu alisimama mbele ya taifa akasema kwamba mshauri wake alifuata silika ya kila baba, na kwamba alitenda kwa kuwajibika na kwa kufuata sheria. Siku iliyofuata Bwana Cummings mwenyewe aliketi penye meza katika bustani ya Downing Street, akajieleza kwa muda mrefu, akasema kwamba hajutii alilolitenda.

HASIRA ILITOKA WAPI?

Yafaa tuwe waangalifu hapa, kwa maana hatupendi kumwonea mtu, hata mkubwa. Polisi wa Durham walichunguza. Tarehe 28 Mei walisema kwamba kwenda kwake Durham hawakukuona kuwa kosa la kisheria, na kwamba safari ya Barnard Castle huenda ilikuwa uvunjaji mdogo wa kanuni, lakini hawatachukua hatua. Tena ni kweli kwamba tarehe 24 Machi naibu mkuu wa waganga wa Serikali, Dokta Jenny Harries, alikuwa ameulizwa juu ya wazazi wawili wanaougua pamoja, akajibu kwamba ikiwa watu wazima hawawezi kumtunza mtoto mdogo, hiyo ni hali ya pekee. Kwa hiyo sheria ilikuwa na mlango wa huruma. Bwana Cummings aliuona mlango huo akapita.

Wako waliosema kwamba kwa hiyo hapana neno, watu wanyamaze. Sisi twasema kwamba hapo ndipo neno lilipo.

Ikiwa mlango wa huruma ulikuwapo, mbona haukutangazwa kwa sauti ile ile iliyotangaza faini? Mabango barabarani yalisema kaeni nyumbani. Redio ilisema kaeni nyumbani. Mawaziri kila jioni walisema kaeni nyumbani. Neno la hali ya pekee lilisemwa mara moja kwa kujibu swali la mwandishi wa habari. Mama wa ghorofani hakulisikia. Alikaa na homa yake, akatambaa mpaka jikoni, akamchemshia mtoto maziwa, akijiambia kwamba ndiyo sheria. Mtu aliyekuwa ndani ya ofisi iliyoandika maneno ya mabango ndiye aliyejua kwamba maneno hayo yana mlango wa nyuma.

Hapa ndipo hasira ilipotoka. Hakuna mzazi aliyemlaumu baba kwa kumhofia mtoto wake. Wazazi walikasirika kwa sababu na wao waliwahofia watoto wao, nao walikaa. Waliambiwa, bila kutajwa kwa neno, kwamba ama hawakuwapenda watoto wao vya kutosha, ama walikuwa wajinga kutii.

Wazee wetu waliijua sheria ya namna hiyo. Kenya ya ukoloni Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati, na Mzungu hakuchukua. Mambo haya mawili si sawa, nasi hatudai kwamba ni sawa. Sheria ya kipande iliandikwa wazi kwamba ni ya mtu mweusi. Hii ya Uingereza iliandikwa kuwa ya wote. Lakini maumivu ya kugundua kwamba wewe umo na mwenzako hayumo, hayo ni mamoja.

PADRE ALIYEULIZA

Ipo siku moja katika kisa hiki ambayo twataka isisahauliwe. Tarehe 26 Mei 2020, Waziri wa Afya, Bwana Matt Hancock, alikuwa akijibu maswali ya raia katika televisheni. Padre mmoja wa mji wa Brighton akamwuliza: je, Serikali itazipitia upya faini za familia zilizotozwa kwa sababu ya kusafiri kutafuta wa kuwatunza watoto? Swali lilikuwa la upole, tena la haki. Kama ilikuwa halali kwa mmoja, basi wengine warudishiwe fedha zao. Waziri alijibu kwamba swali ni zuri na kwamba atalipeleka kwa wenzake wa hazina. Kesho yake Serikali ikasema kwamba hapatakuwa na mapitio ya namna hiyo.

Ndugu wasomaji, hapo msumeno ulionekana meno yake. Mpaka siku ile mtu aliweza kusema kwamba Serikali ilikuwa ikimtetea baba yeyote mwenye shida. Padre aliiomba iwatetee akina baba wengine, ikakataa. Basi haikuwa ikitetea silika ya kila baba. Ilikuwa ikimtetea mtu wake.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 27 Mei Waziri Mkuu alikuwa mbele ya kamati ya Bunge. Mbunge Stephen Timms alimweleza habari za familia moja katika jimbo lake: mume na mke wahamiaji wenye kibali halali, watoto wao wawili wamezaliwa Uingereza, kazi ya mume imesimama, na mshahara wa mke hautoshi hata kodi ya nyumba. Kibali chao kilikuwa na sharti kwamba wasipate msaada wowote wa fedha za umma. Waziri Mkuu alishangaa, akauliza mbona watu hao hawapati posho ya Serikali. Hakulijua sharti la sheria ya Serikali yake mwenyewe. Ndugu zetu wangapi wanaishi chini ya sharti hilo hilo, wakiosha wazee wa Kiingereza usiku na kuwaacha watoto wao na wasiwasi? Shida ya mtoto mmoja wa miaka minne aliye karibu na wakubwa taifa zima liliisikia kwa siku saba. Shida ya watoto hawa wawili mkubwa alikuwa hajaambiwa kwamba ipo.

Tena faini zenyewe hazikuanguka sawasawa. Takwimu za wakuu wa polisi wa England na Wales zilizotolewa Julai 2020 zilionyesha kwamba watu weusi, Waasia na watu wengine wasio weupe walitozwa faini kwa kiwango cha mara 1.6 kuliko weupe. Mwamba ngoma huvutia kwake.

WALIOMTETEA WALISEMAJE?

Tumesikia hoja tatu za kumtetea, nasi tutazijibu kwa adabu.

Hoja ya kwanza yasema kwamba waliopiga kelele walikuwa maadui zake wa siasa, waliokuwa wangali na uchungu wa kushindwa katika kura ya Ulaya. Ni kweli kwamba maadui zake walifurahi. Lakini zaidi ya wabunge 40 wa chama chake mwenyewe walisema aondoke au wakamlaumu, na tarehe 26 Mei Bwana Douglas Ross alijiuzulu uwaziri mdogo, akasema kwamba wako watu katika jimbo lake ambao hawakuweza kuwaaga wapenzi wao waliokuwa wakifa. Huyo hakuwa adui. Alikuwa mwenzao.

Hoja ya pili yasema kwamba mtu mwenye kazi kubwa ya taifa lazima apewe nafasi. Sisi twaona kinyume. Mwenye kazi kubwa ndiye atazamwaye zaidi. Chuoni tulikofundishwa ualimu, jambo la kwanza tuliloonywa ni kwamba mwalimu akichelewa kengele mara moja, asubuhi ya pili atalikuta nusu darasa nje, na fimbo haitalirudisha ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walichapisha Agosti 2020, katika jarida la tiba liitwalo The Lancet, matokeo ya kuwauliza makumi ya maelfu ya watu. Waliona kwamba imani ya watu wa England kwa Serikali katika mambo ya korona ilishuka ghafula tangu tarehe 22 Mei, na kwamba haikushuka hivyo katika Scotland na Wales. Imani ni dawa vilevile. Ikimwagika, haizoleki.

Hoja ya tatu yasema kwamba alieleza kila kitu, basi asamehewe. Lakini tarehe 26 Mei 2021, baada ya kugombana na Waziri Mkuu na kuondoka kazini, Bwana Cummings mwenyewe aliiambia kamati ya Bunge kwamba yale maelezo ya bustanini yaliacha nje sehemu kubwa. Alisema familia yake ilikuwa imepata vitisho, na kwamba jambo hilo lilihusika na kuihamisha. Ikiwa ndivyo, twasikitika kwa mke wake na mtoto wake, maana vitisho kwa familia ni uovu. Lakini basi taifa liliketi siku ile likasikiliza nusu ya habari, na Waziri Mkuu akaitetea nusu hiyo.

Na yaliyofuata mnayajua. Tarehe 20 Mei 2020, siku mbili kabla ya habari za Durham kutoka, watumishi wa Downing Street walikuwa wamealikwa bustanini waje na vinywaji vyao, siku ambazo raia aliruhusiwa kukutana nje na mtu mmoja tu wa nyumba nyingine. Polisi walipomaliza uchunguzi wao mwaka 2022, faini 126 zilitolewa kwa watu 83 kwa ajili ya mikusanyiko katika ofisi za Serikali. Waziri Mkuu alikuwa mmoja wa waliotozwa. Julai 2022 alitangaza kujiuzulu, na mwaka 2023 akaliacha Bunge. Mambo hayo hayakuanza siku ya sherehe. Yalianza siku chama kilipoona kwamba ni rahisi kumtetea mtu wake kuliko kuitetea amri yake.

WALE WALIOONDOKA

Haki yataka tuseme pia kwamba wako waliotenda vingine. Mkuu wa waganga wa Scotland, Dokta Catherine Calderwood, alikwenda mara mbili katika nyumba yake ya pili huku akiwaambia watu wakae nyumbani. Ilipojulikana, aliomba radhi na kujiuzulu, tarehe 5 Aprili 2020. Kosa lake lilikuwa kosa, lakini amri ilibaki na heshima yake.

Na kwa sisi tulio katika chama cha kizalendo upo mfano ulio karibu zaidi. Chama cha kizalendo cha Scotland, SNP, kilikuwa na mbunge aitwaye Margaret Ferrier. Septemba 2020 alisafiri kwa treni kutoka London mpaka Glasgow akijua kwamba ameambukizwa korona. Chama chake hakikusema kwamba alifuata silika ya mtu anayetaka kurudi kwao. Tarehe 1 Oktoba kilimwondoa katika kundi la wabunge wake, na kiongozi wake akamtaka aachie kiti. Alikataa. Mahakama ikamhukumu mwaka 2022 kutumikia jamii saa 270, na mwaka 2023 wapiga kura wa jimbo lake wakamwondoa kwa saini zao. Katika uchaguzi mdogo uliofuata chama hicho kilikipoteza kiti.

Hapa lazima tusimame tufikiri. Chama kilichomlinda mtu wake kilibaki na mshauri wake miezi michache zaidi. Chama kilichomwadhibu mtu wake kilipoteza kiti kizima. Basi tusidanganyane kwamba kuwa mwaminifu hakugharimu kitu. Hugharimu. Swali ni kama chama kipo ili kiwe na viti, au kina viti ili kifanye jambo.

NA SISI JE?

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi sana kuandika juu ya Downing Street. Mzee wa tawini hakuuliza juu ya Downing Street. Aliuliza juu yetu.

Shule zilifungwa kwetu pia mwezi Machi 2020. Tanzania zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, na Kenya wanafunzi wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Mama muuza mboga hakuwa na wa kumwachia watoto, akawapeleka sokoni. Mwenye nacho alimwajiri mwalimu aje nyumbani. Hakuna aliyevunja sheria hapo, lakini amri moja iliangukia migongo miwili isiyo na nguvu sawa. Chama cha wananchi kinapoitangaza amri, kazi yake ya kwanza ni kuuliza: huyu mama atafanyaje? Asipouliza yeye, nani atauliza?

Tena nchi yetu ilikwisha kulijibu swali la mzee yule mara moja, kwa maandishi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea masharti viongozi kwanza: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lilimkata mwenye kushika mpini. Baadaye, mwaka 1991, masharti hayo yakalegezwa kule Zanzibar. Wako wenye sababu za kusema kwamba ilikuwa lazima, nasi hatutagombana nao leo. Lakini twasema kwamba wazee walioandika masharti yale walifahamu jambo ambalo Downing Street ililisahau: mwananchi hutii kwa macho kabla ya kutii kwa masikio.

Kwa hiyo twayapeleka mambo matatu mbele ya matawi yote, yajadiliwe katika mikutano ya mwezi ujao na majibu yaletwe.

La kwanza, kila amri ambayo chama chetu kitaiunga mkono, iwe ya afya, ya usafi, ya soko au ya ushuru, itangazwe pamoja na milango yake ya huruma, kwa sauti moja na kwa Kiswahili chepesi. Mlango ambao hautangazwi kwa wote usifunguliwe kwa yeyote.

La pili, kiongozi wa chama akionekana ameivunja amri aliyoitangaza, asitetewe na mtu yeyote mpaka ajieleze mbele ya tawi lake mwenyewe. Si mbele ya waandishi wa habari, bali mbele ya tawi. Watu wanaomjua ndio wenye kupima kama alikuwa na shida ya kweli. Na wakiona alikuwa nayo, huruma watakayompa iwe halali kwa kila mwanachama tangu siku hiyo.

La tatu, sisi waandaaji, tunaozunguka matawini na kupanda majukwaani, tuwe wa kwanza kuulizwa. Tukipewa njia ya mkato mahali ambapo wananchi wamepanga foleni, turudi nyuma ya foleni. Ni jambo dogo. Lakini mtu hazoei kuruka sheria kubwa kabla hajazoea kuruka foleni.

Tumekwisha kumwahidi mzee yule kwamba tutarudi katika tawi lake baada ya mikutano hiyo, tumpe jibu. Hatutaki kwenda na methali, maana methali anayo, tena anaijua kuliko sisi. Twataka kwenda na maazimio ya matawi mkononi, na jina la kiongozi mmoja angalau aliyekwisha kuulizwa akajibu. Twawaomba ndugu zetu wa matawi msitufanye tukarudi kwake mikono mitupu.